Mafua ya Vuli ya 1957

Nilikwenda Ufini kwa sababu ya mafua yaliyopita Helsinki kabla sijazaliwa. Ziara yenyewe ilikuwa ya mafunzo: wakunga wachache kutoka Tanzania tulialikwa kuona kliniki za wajawazito za nchi ile, tukapangiwa ratiba, tukakatiwa tiketi. Lakini nilikuwa na shauri langu la pembeni, nililolibeba moyoni tangu nilipokuwa nasomea ukunga, na nilipoliona jina la Helsinki kwenye barua ya mwaliko nilijua saa zangu za mapumziko nitazimalizia wapi.

Shauri lenyewe ni hili. Mwaka 1957 ulizuka ugonjwa ulioitwa Mafua ya Asia. Ulianzia kusini mwa China mwanzoni mwa mwaka, Aprili ukawa Hong Kong, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umeenea dunia nzima. Uliua watu zaidi ya milioni moja. Helsinki uliingia vuli, na wimbi lake kubwa lilidumu tangu tarehe 8 Oktoba hadi tarehe 14 Novemba. Kisha ukapita. Wagonjwa wakapona, wajawazito wakajifungua, watoto wakaenda shule. Mwaka 1988 Mmarekani Sarnoff Mednick na wenzake, akiwemo daktari wa akili wa Kifini Matti Huttunen, wakachapisha matokeo yaliyowashangaza madaktari. Waliwatafuta watu waliokuwa matumboni mwa mama zao katika wiki zile, wakapekua kumbukumbu za hospitali za magonjwa ya akili za eneo la Helsinki hadi watu hao walipofika miaka 26. Wale ambao mafua yaliwakuta katika miezi mitatu ya katikati ya ujauzito walikuwa wamelazwa kwa skizofrenia zaidi ya wenzao.

Homa ya mjamzito kwetu tunaihofia kwa mengine: mimba kutoka, mtoto kuzaliwa njiti, mama kuishiwa damu. Kwamba homa ya wiki moja inaweza kukaa kimya miaka ishirini ndipo ijitokeze, tena kichwani mwa kijana aliyekwisha kumaliza shule, lilikuwa wazo jipya kabisa kwangu. Nalo lilinigusa penye kidonda. Nitakieleza nikifika hospitali ya zamani ya Lapinlahti.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Hadi siku ile safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi, Muheza hadi Mwanza. Tuliondoka Dar es Salaam usiku, tukabadilisha ndege Istanbul, tukatua Helsinki mchana, mwishoni mwa Oktoba, mvua nyembamba ikinyesha na majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi ya bizari, mengi yamekwisha kuanguka.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha njiani ni mtoto mchanga. Alikuwa amelala nje ya mkahawa, ndani ya kigari, amefunikwa vizuri, kwenye baridi ambayo mimi meno yalikuwa yakigongana. Mama yake alikuwa ndani, anakunywa kahawa, anamtazama kupitia kioo. Nimepokea watoto wengi mikononi mwangu na mikono ile ilitaka kumnyanyua palepale. Mwenyeji wangu akanizuia. Yeye ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyefika Ufini akiwa mkimbizi na kuwazalia huko watoto wake wawili. “Mumuache, dada,” akaniambia. “Hapa batoto banalala inje. Hata bangu balilala hivi.”

Nyumbani kwake alinionyesha boksi. Kila mjamzito nchini humo hupewa na serikali boksi la nguo za mtoto, shuka na vifaa vidogo vidogo, na lenyewe likiwa na godoro lake hufaa kuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. Anayependa huchukua fedha badala yake. Mpango ulianza mwaka 1938 kwa akina mama maskini, wakati ambapo watoto wapatao 65 katika kila 1,000 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka, na mwaka 1949 ukawa wa wote. Sharti lake ni moja, na ndilo lililonifanya niombe karatasi ya maelezo niisome mara mbili: mama lazima awe amepimwa kabla ya mwisho wa mwezi wa 4 wa ujauzito.

Mkunga yeyote wa kwetu ataelewa kwa nini sharti hilo lilinisimamisha. Wajawazito wengi niliowapokea mimi walikuja kliniki mara ya kwanza tumbo likiwa la miezi mitano au sita. Si kwamba hawajali. Mwanamke anaficha mimba changa kwa kuogopa husuda, au nauli haipo, au shamba linasubiri jembe. Wafini wa miaka ya 1930 nao walikuwa watu wa mashamba na misitu, na mimba zao pia walikuwa na sababu za kuzificha. Daktari wa watoto Arvo Ylppö na wenzake walianzisha kliniki za kuwashauri akina mama, zinazoitwa neuvola, katika miaka ya 1920. Sheria ya mwaka 1944 ikailazimisha kila halmashauri kuwa nayo, bila malipo. Boksi likawavuta akina mama mapema.

Nikamuuliza mwenyeji wangu aliionaje neuvola yeye, mgeni asiyejua lugha. Akacheka. “Kwanza niliogopa. Banakuuliza kila kitu: unakula nini, unalala namna gani, bwana anakupiga ao hapana. Nikasema, hawa banatafuta nini kwangu? Kisha nikaona ni vile banafanya kwa bote, hata mke wa waziri.”

Siku iliyofuata nilikwenda Lapinlahti. Alinisindikiza kijana wa Kifini aliyesoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Helsinki, kulikokusanywa chini ya Profesa Arvi Hurskainen hazina kubwa ya maandishi ya Kiswahili. Aliniamkia shikamoo katikati ya kituo cha tramu, nami nikamwitikia marahaba kwa furaha ambayo waliotuzunguka hawakuielewa.

Lapinlahti ilikuwa hospitali ya kwanza nchini humo kujengwa mahsusi kwa wagonjwa wa akili. Ilifunguliwa mwaka 1841, kandokando ya bahari, kwa ramani ya Carl Ludvig Engel, msanifu yuleyule wa kanisa kuu jeupe la katikati ya mji. Aleksis Kivi, mwandishi wa riwaya kubwa ya kwanza kwa lugha ya Kifini, alilazwa humo mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 2008 hospitali ilifungwa, na leo majengo yake yana mkahawa, vyumba vya wasanii, na shughuli za afya ya akili zilizo wazi kwa kila mtu. Nilikaa kwenye benchi chini ya miti mikubwa, nikamwambia kijana aniache kidogo.

Nilimkumbuka mama mkubwa. Alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa tatu, mwezi wa tano, alishikwa na homa iliyomlaza siku nyingi. Ilikuwa masika, barabara imekatika, zahanati iko mbali. Alipona, akajifungua salama mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Huyo ni kaka yangu. Tumelelewa nyumba moja. Alikuwa hodari wa hesabu, alifaulu kwenda sekondari, na alipofika miaka 19 akaanza kuongea na watu tusiowaona. Akaacha kuoga. Akasema mwalimu mkuu ameweka mtambo ndani ya ukuta wa bweni. Tulizunguka naye kwa waganga kabla ya kumfikisha kwa daktari, na daktari akasema skizofrenia.

Kaka alipewa dawa. Mama mkubwa alipewa lawama. Majirani walisema alipita makaburini jioni akiwa na mimba. Mawifi walisema aliikosea mizimu ya upande wa mume. Mume mwenyewe alioa mwingine, akitamka mbele za watu kwamba tumbo lile lina kasoro. Nimeona katika kazi yangu akina mama wengi wakibebeshwa ugonjwa wa mtoto, lakini huyu ni mama yangu, na alibebeshwa peke yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana niliposoma habari za Helsinki nilipata faraja na hofu kwa wakati mmoja. Faraja, kwa kuwa ilionekana ugonjwa wa kaka unaweza kuwa na chanzo kisicho cha makaburi wala mizimu. Hofu, kwa kuwa niliwajua mawifi wale: ukiwaambia ni homa, watasema basi ni homa yake.

Hapo Lapinlahti nilijua kwamba jibu nusu halitanifaa.

Kituo kilichofuata cha ziara yetu kilikuwa Oulu, na treni ya huko ilitupakia asubuhi. Ni safari ya saa sita hivi kwenda kaskazini, ukipita Tampere na maziwa yake, halafu Seinäjoki, halafu tambarare ndefu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ghala moja hapa, jingine kule, na misitu ya misonobari isiyoisha. Wenzangu walilala. Mimi nilikuwa na bahasha ya makala za utafiti nilizozitoa kwenye printa kabla ya kuondoka nyumbani, nikazipanga kwenye kimeza cha treni.

Udhaifu wa kazi ya Mednick unajulikana, na yeye hakuuficha: hakujua ni mama gani hasa aliugua. Alijua tu kwamba mafua yalikuwa mjini na kwamba mama alikuwa mjamzito. Waingereza walikuwa na kitu bora zaidi kwa upande huo. Walikuwa na orodha ya watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1958, ambao mafua ya vuli iliyotangulia yaliwakuta katikati ya ujauzito, na taarifa za kama mama aliugua zilikuwa zimeandikwa. Timothy Crow na John Done walizichambua, na mwaka 1992 wakaeleza kwamba hawakuona ongezeko lolote la skizofrenia kwa watoto wa waliougua. Nilipofika hapo treni ilikuwa inaingia Tampere, nami nikaiweka kalamu chini. Ni vigumu kumeza jibu la namna hiyo ukiwa umesafiri bara zima kulifuata la Mednick.

Lakini mjadala haukuishia hapo. California, kati ya mwaka 1959 na 1966, maelfu ya wajawazito walitolewa damu, na majimaji yake yakagandishwa na kuhifadhiwa. Alan Brown wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyarudia miaka arobaini baadaye, akatafuta ndani yake kingamwili za mafua. Hapo hakuna tena kukisia nani aliugua. Damu yenyewe inasema. Mwaka 2004 kundi lake lilitoa matokeo: mafua katika nusu ya kwanza ya ujauzito yalikwenda pamoja na uwezekano wa skizofrenia karibu mara tatu. Wagonjwa aliowachunguza walikuwa 64 tu. Ni idadi ndogo, na mwenyewe aliandika kwa tahadhari.

Nikiwa mkunga, swali lililonikaa zaidi ni la njia. Homa ya mama inamfikiaje mtoto? Virusi vya mafua kwa kawaida havivuki kondo la nyuma. Rubela huvuka, na zika, na vijidudu vya kaswende. Hivyo huingia kwa mtoto na kumharibu moja kwa moja. Mafua hayaingii, na hapo ndipo panya wa Paul Patterson wanaposaidia. Katika Taasisi ya Teknolojia ya California, Patterson na wenzake walidunga panya wenye mimba kemikali inayoudanganya mwili uamini kwamba umevamiwa na virusi, ilhali hakuna kirusi hata kimoja. Watoto wa panya wale walikua na tabia tofauti na wenzao. Walishindwa hata kupunguza mshtuko wa sauti kubwa baada ya kutangulizwa sauti ndogo ya kuwaandaa, jambo linaloonekana pia kwa watu wengi wenye skizofrenia. Mwaka 2007 wakaonyesha kwamba kemikali moja ya kinga ya mwili, interleukini-6, yatosha: ukimdunga mama hiyo peke yake, watoto wanaathirika, ukiizuia, madhara hayaonekani.

Nilipoelewa hilo nililiona kwa sura ya kijijini kwetu. Mwizi ameingia usiku, watu wametoka na mwenge na marungu kumfukuza, na katika kumkimbiza wamekanyaga kitalu cha miche kilichopandwa jana. Mwizi hakugusa mche. Wala waliokanyaga hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanaokoa nyumba.

Oulu iko mdomoni mwa mto, kwenye Ghuba ya Bothnia, digrii 65 kaskazini mwa ikweta. Tulipofika ilikuwa jioni na theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyepesi, ikiyeyuka chini ya viatu. Wenzangu walitoka kupiga picha. Mimi nilisubiri kesho.

Kuanzia mwaka 1983, kwa miaka mingi, mjamzito wa Ufini alipokwenda neuvola mwanzoni mwa ujauzito na kutolewa damu ya kupima maambukizi kama kaswende, na baadaye pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini B, sehemu iliyobaki haikutupwa. Kwa ridhaa yake ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, Oulu. Sampuli zimefika karibu milioni 2. Kila moja inaweza kuunganishwa, kwa namba ya utambulisho ambayo kila raia anayo, na rejesta za hospitali za nchi nzima, ili mtafiti aliyepewa kibali ajue mtoto wa mimba ile alikuja kuugua nini, bila ya kulijua jina lake.

Mtaalamu aliyetupokea kwenye hifadhi hiyo alikuwa mama wa makamo, mpole, anayefikiri kabla ya kujibu. Alitushikisha kichupa kitupu cha aina inayotumika. Kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nikawaza jinsi sisi tunavyoitoa damu ileile, kwa vipimo vilevile vya kaswende na UKIMWI, tukaandika jibu kwenye kadi ya kliniki, kadi ikaenda nyumbani na mama, ikaloa mvua, ikaliwa na mchwa, na baada ya miaka ishirini hakuna anayeweza kusema mimba ile ilipita katika homa ngapi. Nilimwambia hivyo. Akasema hata wao wasingekuwa na chochote kama akina mama wasingekuja mapema, na kwamba boksi la nguo za watoto limefanya kazi kubwa kwa sayansi kuliko watu wanavyofikiri.

Akatueleza yaliyotoka kwenye vichupa hivyo. Mwaka 2014 zilichapishwa kazi mbili za kundi la Brown na Wafini wenzake, akiwemo Andre Sourander wa Turku. Hawakutafuta ugonjwa mmoja. Walipima CRP, protini ambayo ini huimwaga kwa wingi mwili unapopambana na maradhi yoyote. Walilinganisha damu ya mama za watu 777 wenye skizofrenia na damu ya mama za watu wasio nayo, kisha vivyo hivyo kwa watoto 677 wenye usonji. Kote kuwili, kadiri CRP ya mama ilivyokuwa juu, ndivyo uwezekano ulivyopanda. Kwa usonji, akina mama wa kundi la juu kabisa walikuwa na uwezekano wa asilimia 43 zaidi ya wale wa kundi la chini.

Nikamuuliza swali langu. Nilimweleza habari za mama mkubwa, bila kumtaja, nikasema: kama ningekuwa na kichupa chake, ungeweza kuniambia?

Akasema hapana. Hakusita. Watu wapatao 7 katika kila 1,000 hupata skizofrenia katika maisha yao. Hata tukichukulia kwamba homa inaufanya uwezekano huo kuwa mara mbili, watoto zaidi ya 980 katika 1,000 wa mama walioumwa homa hawataupata. Urithi una nafasi kubwa zaidi. Na kuzaliwa kwa shida, njaa, bangi ya ujanani, dhiki za maisha, vyote vina sehemu yake. Kisha akatutajia Waswidi, ambao wana rejesta kubwa zaidi. Mwaka 2019 watafiti waliochambua habari za watoto karibu milioni 1.8 wa Uswidi walikuta kwamba mama kulazwa kwa maambukizi, hata yale ya njia ya mkojo, kulikwenda pamoja na usonji na sonona kwa mtoto baadaye, lakini si skizofrenia. Na mwaka 2022 wengine, katika nchi hiyohiyo, wakagundua kwamba hata maambukizi ya mwaka mmoja kabla ya mimba yalikwenda pamoja na usonji, maana yake pengine kuna kitu katika familia yenyewe kinachomfanya mama augue kwa urahisi na mtoto awe na usonji, na homa imesimama tu karibu.

Wenzangu walionekana kuchoka na majibu yanayopishana hivi. Mimi yalinitua mzigo. Nilikuja nikitaka kuthibitishiwa kwamba ni homa, na nikaona wazi kwamba uthibitisho huo ungekuwa hukumu nyingine, imetoka maabara badala ya kwa mganga. Mtu anayesema ukweli kuhusu jambo hili hawezi kumnyooshea kidole mama yeyote mmoja. Anachoweza ni kuigeukia serikali, halmashauri na hospitali, na kuuliza kwa nini mjamzito mwenye homa anachelewa kutibiwa.

Mtaalamu naye alikuwa na swali kwetu: malaria. Nikamweleza kwamba Muheza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikuwa wakichunguza makondo ya nyuma ya akina mama waliojifungua hospitalini, kwa sababu vimelea vya malaria hujikusanya humo, na mama anaweza kuonekana mzima huku kondo limejaa. Nikamweleza vidonge vya SP vya kuzuia malaria tunavyompa mama ameze mbele yetu, vitatu kwa mkupuo, na chandarua anachopewa siku ya kwanza ya kliniki. Aliandika kila kitu. Akasema tafiti zote alizotueleza zimetoka nchi za baridi, na kwamba kondo lililojaa vimelea kwa miezi ni mapambano ya kinga yanayostahili kufuatiliwa kwa miaka ishirini kama walivyofuatilia mafua. Nimeirudia kauli hiyo kwa kila mkubwa wa afya niliyekutana naye tangu niliporudi.

Mchana tulipelekwa neuvola. Ulikuwa msimu wa chanjo ya mafua, na wajawazito walikuwa wamekaa kwenye viti, makoti mapajani, wakisubiri sindano ambayo kwao ni bure. Muuguzi aliyekuwa akichoma alinionyesha kwenye kompyuta jinsi anavyoangalia pia kama mama amekingwa na rubela. Hapo ndipo ushahidi hauna ubishi. Daktari wa macho Norman Gregg, Sydney, aligundua mwaka 1941 kwamba watoto wenye mtoto wa jicho walizaliwa na mama walioumwa rubela. Mlipuko wa mwaka 1964 na 1965 Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 wenye madhara ya rubela, na daktari Stella Chess alipowafuatilia 243 wao mjini New York alikuta 18 wenye usonji kamili au wa sehemu, wakati ambapo usonji ulihesabiwa kuwa ugonjwa adimu sana. Ufini ilianza kuchanja watoto wote mwaka 1982 na rubela ikatoweka nchini. Tanzania tulianza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Nilishiriki kampeni ile. Tulichanja watoto chini ya miembe kutwa nzima, na tuliwaambia wazazi tunazuia vipele, upofu na uziwi. Tungeweza kuwaambia pia kwamba tunalinda akili za wajukuu wao.

Muuguzi yule alishangaa niliposema hivyo. Kwake chanjo ni chanjo na afya ya akili ni idara nyingine, ghorofa ya juu. Nikaona hata walio na rejesta hizi zote hawajaunganisha kila kitu. Mkunga anayeuliza “una homa tangu lini?” na kumpeleka mama apimwe malaria na mkojo siku hiyohiyo anafanya kazi ya afya ya akili, na inafaa aambiwe hivyo akiwa bado chuoni.

Jioni ya mwisho Oulu nilimpigia mama mkubwa kwa simu ya binti yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Nikamwambia nimekula, nikamwambia theluji ikoje, kisha nikamweleza niliyoyasikia, polepole, bila majina ya kitaalamu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, “Kwa hiyo ile homa ya masika?”

“Inawezekana ilichangia, inawezekana haikuchangia, mama. Hakuna daktari duniani anayeweza kujua kwa mtoto mmoja. Wanachojua ni kwamba mama hasababishi. Na homa yako ingetibiwa mapema kama zahanati isingekuwa mbali na barabara isingekatika.”

“Basi ukirudi uwaambie mawifi zangu hivyohivyo, wakiwa wote.”

Nikamwahidi nitawaambia kwenye harusi ya ukoo, Desemba, watakapokuwa wamekaa mkeka mmoja. Akasema vizuri. Kisha akanikumbusha kwamba sindano ya kaka ya mwezi huu ni Jumatano, kwamba safari hii wanaifuata Tanga mjini, na kwamba nauli imepanda. Nilimpigia mume wangu usiku uleule amtumie nauli ya watu wawili kabla ya Jumanne.